Siku Mbili za Mionzi: Uvimbe wa Polepole wa Jicho na Safari ya Kutoka Digodigo

 

Nimekuja kuzungumzia saratani ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia. Si saratani ya watu wengi. Ninaileta mbele yenu kwa sababu tiba yake, tofauti na tiba nyingi za saratani, imekuwa ikipungua kadiri miaka inavyokwenda. Kutoka wiki tatu za mionzi imeshuka hadi wiki mbili na nusu, na sasa kwa baadhi ya wagonjwa imefika siku mbili. Mtu wa Dar es Salaam akisikia hivyo atasema ni habari njema. Mtu wa Digodigo akisikia, hesabu ya maisha yake inabadilika kabisa, maana kutoka hapa hadi mashine za mionzi za Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ya karibu kilomita elfu moja: Sale, Engaresero, Mto wa Mbu, Arusha, kisha siku nzima ya basi.

Ugonjwa wenyewe ni limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Chembe hizi hazikai kwenye damu na tezi peke yake. Zinapiga doria kila mahali penye utando laini na majimaji: tumbo, mapafu, tezi za mate, na macho. Mwaka 1983 madaktari wawili wa Uingereza, Peter Isaacson na Dennis Wright, waliandika kwamba kuna limfoma zinazozaliwa katika tando hizo na zenye tabia ya peke yake. Zinakua taratibu, hukaa pale zilipoanzia kwa miaka, na mgonjwa huendelea na shughuli zake kama kawaida. Aina hiyo, inayoitwa MALT, ndiyo inayoongoza miongoni mwa limfoma za polepole za jicho na sehemu zinazolizunguka: kope, tezi la machozi, ile ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, na nyama iliyo nyuma ya jicho ndani ya tundu la mfupa.

Mgonjwa wake kwa kawaida ni mtu mzima, mara nyingi aliyevuka miaka hamsini au sitini. Haumwi. Jicho halitoi usaha. Anaona tu kwamba kope moja imeanza kulala, au jicho moja limesukumwa mbele kidogo kuliko mwenzake, au akitazama pembeni kitu kimoja anakiona viwili. Ukimvuta kope ya chini taratibu kwa kidole gumba, ukamwambia atazame juu, pale kwenye mkunjo utaona kinyama laini, bapa, cha rangi ya waridi iliyofifia, kimelala juu ya weupe wa jicho. Hakina kidonda wala hakitoki damu. Ndugu zangu wauguzi, nawaomba mkitazame mara mbili kinyama cha namna hiyo, kwa sababu kinafichwa na jambo tunalolijua mno katika wilaya hii.

Jambo hilo ni vikope. Ngorongoro ni miongoni mwa wilaya za Tanzania ambako vikope vimegoma kutoka, pamoja na Longido, Monduli na nyinginezo za wafugaji. Tumegawiwa vidonge vya azithromaisini nyumba kwa nyumba. Tumezoea, na tuna sababu ya kuzoea, kwamba jicho jekundu ni vikope na dawa yake ni mafuta ya tetrasaiklini. Basi mzee anakuja na jicho lisilouma, anapewa mafuta. Anarudi baada ya miezi mitatu, anapewa mafuta. Baada ya mwaka anaacha kurudi. Sisemi haya kumlaumu mtu; anayeona macho mia ya vikope ana haki ya kudhani la mia na moja ni vikope pia. Lakini vikope hukamata macho yote mawili, hukwaruza, husokota kope ndani. Uvimbe wa jicho moja usiouma, uliodumu miezi, ni habari nyingine.

Kuna jambo la ajabu hapa ambalo sitaki lipite. Mdudu wa vikope ana ndugu yake anayeishi kwa ndege, na mwaka 2004 watafiti wa Italia walimkuta ndugu huyo ndani ya limfoma nyingi za jicho walizopima. Wakajaribu kutibu limfoma hizo kwa antibiotiki ya doksisaiklini, na baadhi ya uvimbe ulinywea. Nchi nyingine zilipopima, mahali pengine walimkuta mara chache na pengine hawakumkuta kabisa. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akaenda duka la dawa kununua doksisaiklini ya saratani. Inachotufundisha habari hiyo ni tabia ya ugonjwa wenyewe: ni ugonjwa unaoota mahali ambapo kinga ya mwili imesumbuliwa muda mrefu, na chembe zake bado hazijawa kali.

Zipo limfoma kali, na Afrika Mashariki ndiyo iliyoifundisha dunia mojawapo. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958 aliandika juu ya watoto waliokuwa na uvimbe wa taya, wengine uvimbe ukisukuma jicho nje ya tundu lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipakia mizigo kwenye gari kuukuu aina ya Ford wakazunguka nchi zetu, Tanganyika ikiwemo, hospitali hadi hospitali, wakiuliza ni wapi watoto wa namna hiyo wanaonekana na wapi hawaonekani. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na unakwepa nyanda za juu zenye baridi. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Mtoto wa namna hiyo hatakiwi kusubiri hata wiki, na tiba yake ni dawa za mshipani. Hayo ninayoyasema leo juu ya mionzi kidogo na subira hayamhusu mtoto huyo hata kidogo. Mtoto mwenye jicho linalochomoza, au mwenye mng'ao mweupe kwenye mboni, hapakiwi kesho, anapakiwa leo.

Sasa nije kwenye mionzi. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Ujerumani mwaka 1895, na katika miaka ileile Wajerumani walikuwa wakijenga hospitali yao ufukweni Dar es Salaam. Hospitali hiyo ndiyo Ocean Road ya leo, na tangu 1996 ni taasisi ya saratani ya taifa. Kwa miaka mingi mashine zake zilikuwa za kobalti, madini yanayotoa mionzi yenyewe usiku na mchana na ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, hivyo kadiri kobalti inavyozeeka ndivyo mgonjwa anavyolala muda mrefu zaidi chini yake. Tangu 2018 zimekuwepo pia mashine za umeme, ambazo mionzi yake inawashwa na kuzimwa. Mwanza nako, hospitali ya Bugando ina mashine za mionzi.

Najua watu wanavyosema: fulani amekwenda kuchomwa. Anayesikia hivyo anafikiria moto. Mgonjwa wa jicho hulazwa chali kwenye kitanda chembamba. Siku ya maandalizi, bamba la plastiki lenye matundu hulainishwa kwenye maji ya moto, likatandazwa usoni, likipoa linakuwa limeshika sura yake, pua na paji na kidevu. Barakoa hiyo hufungwa kitandani ili kichwa kisisogee. Wahudumu wanatoka chumbani na kumtazama kwa kamera. Mashine inavuma kwa dakika chache. Haumwi, hahisi joto, haoni kitu. Akimaliza anavaa kofia yake anaondoka, na hana mionzi yoyote mwilini ya kumwambukiza mjukuu.

Kuna jambo dogo linalofanyika humo chumbani ambalo hunipendeza sana. Mionzi ya nguvu kubwa haitoi dozi yake kamili juu ya ngozi. Inaanza kidogo, inafikia ukali wake ikishaingia ndani kiasi fulani. Kwa hiyo kama uvimbe uko nyuma ya jicho na mionzi inatoka mbele, mgonjwa huweza kuambiwa afungue jicho na kutazama juu, wazi kabisa, ili kioo cha jicho kilicho mbele kiguswe kidogo. Lakini kama ugonjwa uko kwenye ile ngozi laini ya juu, mambo yanageuka: jicho hufungwa, na kope yenyewe inakuwa blanketi linaloileta dozi juu. Au hutumiwa elektroni, ambazo haziendi mbali ndani, na kipande kidogo cha risasi huweza kuwekwa mahali pa kuikinga lenzi. Mgonjwa mwenye kope iliyofungwa na mwenye kope iliyofunguliwa wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja na mashine moja.

Dozi hupimwa kwa grei. Kwa limfoma za polepole za jicho, desturi imekuwa grei 24 hadi 30, zikigawanywa grei 2 au chini kidogo kwa siku, siku tano kwa wiki. Hapa kwetu sisi Batemi hakuna haja ya kueleza sana kwa nini zinagawanywa. Wenamiji, wazee wanaosimamia maji ya mifereji, hawafungulii mfereji wote shambani kwa mara moja. Anayepewa maji kwa zamu anajua kwamba udongo unahitaji muda wa kunywa. Nyama nzima ya jicho nayo inajirekebisha kati ya zamu moja na nyingine, na chembe za limfoma haziwezi kujirekebisha vizuri hivyo. Matokeo ya dozi hiyo ni mazuri mno: kwa wagonjwa zaidi ya tisini katika mia, ugonjwa haurudi pale ulipotibiwa. Wengi wanaishi miaka mingi, na wanaokufa baadaye mara nyingi wanaondoka na maradhi mengine.

Gharama ya dozi hiyo kwa jicho ipo. Lenzi ni dhaifu mbele ya mionzi, na mtoto wa jicho anaweza kutokea miaka baadaye. Tezi la machozi linaweza kukauka, jicho likawa linakwaruza kama lina mchanga. Na kwa mtu anayetoka hapa kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye vitabu vya madaktari: wiki tatu Dar es Salaam, na msindikizaji, na chakula, na mahali pa kulala, huku zamu ya maji ikipita bila mtu wa kuipokea na ng'ombe wakiangaliwa na watoto wanaotakiwa kuwa shuleni. Mtu akipiga hesabu hiyo kwa ajili ya uvimbe usiouma, anabaki nyumbani. Mimi siwezi kumwita mjinga.

Miaka ya 1990 madaktari wa Ufaransa walianza kueleza jambo lililowashangaza wenzao. Walitoa grei 2 leo na grei 2 kesho, basi, jumla grei 4, kwa wagonjwa wa limfoma za polepole ambao hawakuwa na nguvu ya kustahimili zaidi. Uvimbe ukayeyuka. Chembe hizi, tofauti na za saratani nyingi, zikiguswa na mionzi kidogo tu hujiua zenyewe, na kufa kwao kunaita chembe nyingine za mwili kuja kusafisha. Waingereza wakafanya jaribio kubwa, sehemu 614 za ugonjwa, nusu zikipewa grei 24 kwa siku kumi na mbili, na nusu nyingine grei 4 kwa siku mbili. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 2014. Dozi kubwa ilishinda: baada ya miaka mitano, ugonjwa ulikuwa umetulia pale pale kwa takriban 90 katika 100 waliopata grei 24, na 70 katika 100 waliopata grei 4. Wengi wakasema, basi, siku mbili ni za mgonjwa mahututi.

Mimi nilizisoma tarakimu hizo kwa jicho la mtu wa mbali. Sabini katika mia, kwa siku mbili.

Kisha likaja swali la jicho peke yake. Huko Houston, Marekani, hospitali ya MD Anderson, Dk. Chelsea Pinnix na wenzake walichukua wagonjwa 50 wenye limfoma za polepole za jicho. Wote walianza na grei 4 kwa siku mbili. Wakaachwa, wakachunguzwa kila baada ya miezi michache, na ambaye uvimbe wake ungekataa kuondoka angeongezewa grei 20. Matokeo yalichapishwa 2024. Kwa wagonjwa 45 kati ya 50 uvimbe ulitoweka kabisa bila kuongezewa chochote, na baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umetulia katika jicho kwa karibu 89 katika 100. Hakuna aliyepata madhara makali. Zingatieni kwamba uvimbe wa namna hii hautoweki kesho yake. Unaweza kuchukua miezi mingi kumalizika, na daktari mwenye haraka angeongeza dozi bila sababu.

Wazee wangu, niruhusuni nitaje kijiji cha Samunge, hapo kwa majirani zetu. Mwaka 2011 dunia nzima ilikuja kwenye mabonde haya. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita. Wapo waliotoka kwenye vitanda vya hospitali za mijini wakapanda huku, safari ileile tunayoilalamikia, ila kinyumenyume. Kikombe hakikuthibitishwa kuponya saratani, na hilo nalisema waziwazi mbele yenu kwa heshima ya marehemu. Lakini watu wale walieleza kwa miguu yao wanataka tiba ya namna gani. Walitaka tiba ya safari moja. Walitaka bei inayojulikana kabla ya kutoka nyumbani, iliyo sawa kwa waziri na kwa mchunga mbuzi. Walitaka mtu wa kuwapokea. Sisi wa hospitali kubwa tulicheka, tukaandika makala, na hatukujiuliza kwa nini tiba yetu haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Msimamo wangu ndio huu: mtu wa mbali mwenye limfoma ya polepole ya jicho iliyothibitishwa, aanze na siku mbili. Asiambiwe kwamba ni tiba ya maskini, kwa sababu hata huko Houston wagonjwa wameipokea. Aambiwe ukweli wote: kwamba huenda akarudi kuongezewa, kwamba ugonjwa huu unaweza kujitokeza jicho la pili au mahali pengine mwilini hata baada ya miaka, kwamba miaka miwili ya ufuatiliaji si kumi. Kisha achague mwenyewe. Wapo watakaosema, nipeni grei 24 nimalize, sitaki kurudi tena mjini. Hilo nalo ni jibu la mtu mzima mwenye akili.

Nimesema iliyothibitishwa, na hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Hapo ndipo pesa na akili zetu zinapotakiwa kwenda kabla ya kudai mashine mpya. Limfoma ya polepole na limfoma kali zinaweza kufanana kwa macho. Saratani ya ngozi laini ya jicho, ambayo katika Afrika Mashariki inahusiana sana na VVU, nayo inaweza kuanza kama kinyama kidogo. Anayetoa grei 4 kwa ugonjwa asioujua anacheza na uhai wa mtu. Lazima kikatwe kipande, kisomwe.

Na kipande kinaharibika njiani. Chembe za limfoma ni laini. Zikibanwa kwa koleo zinapondeka, na mtaalamu wa patholojia anaona matope. Kipande kishikwe pembeni kwa uangalifu, kitumbukizwe mara moja kwenye formalini ya asilimia kumi, dawa iwe nyingi kuliko kipande angalau mara kumi. Kisiwekwe kwenye spiriti, kisiwekwe kwenye maji ya chumvi, kisiachwe kwenye shashi kikauke. Jina na tarehe viandikwe kwenye chupa yenyewe, siyo kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kwenye maabara kubwa kipande kitafanyiwa vipimo maalumu vinavyoonyesha ni chembe za aina gani na zinagawanyika kwa kasi gani. Chupa moja iliyofungwa vizuri inaweza kwenda Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye basi, na mgonjwa akabaki Digodigo akimwagilia shamba lake mpaka majibu yarudi. Kukata kwenyewe afanye mtu wa macho aliyefundishwa. Panapohusika nyama ya nyuma ya jicho ni KCMC au Dar tu.

Majibu yakirudi kuwa ni limfoma ya polepole, mgonjwa apimwe VVU na damu, apigwe CT skani ya jicho, kifua na tumbo, ijulikane kama ugonjwa uko mahali pamoja. Yote haya yanaweza kupangwa kwa simu ili yaangukie wiki moja na mionzi yenyewe. Hilo haliji lenyewe. Linahitaji daktari wa hospitali ya Wasso anayejua namba ya daktari wa Ocean Road, na linahitaji huyo wa Ocean Road apokee simu.

Baada ya hapo jicho linarudi kwenu. Kila miezi mitatu au minne kwa mwaka wa kwanza na wa pili, kisha mara mbili kwa mwaka, kwa miaka. Muuguzi avute kope, atazame mkunjo, apime uoni kwa ubao wa herufi, aulize kuhusu jicho la pili, apapase shingo na kwapa. Apige picha mwanga ukiwa wa mchana, jicho likitazama juu, halafu chini, na aitume pamoja na ya safari iliyotangulia, bila jina la mgonjwa. Ukavu ukija, matone ya machozi ya dukani yanatosha kwa wengi. Mtoto wa jicho akija, hupasuliwa kama mtoto wa jicho wa mzee mwingine yeyote, na daktari anayempasua aambiwe kwamba jicho hilo lilipata mionzi, grei ngapi na mwaka gani. Kwa hiyo karatasi ya matibabu ya Ocean Road isikae hospitali peke yake. Ipigwe nakala, moja ikae kituo cha afya, nyingine mgonjwa aiweke anapoweka hati ya shamba.